Dawa za kupaka za soriasisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu faida na hatari zake

Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudiwa zaidi na watu wenye soriasisi wanaotumia, au wanaofikiria kutumia, krimu, marhamu, losheni na dawa nyingine za kupaka. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kumwelekeza msomaji kwenye jingine. Majina ya dawa yameandikwa kama yanavyotamkwa kwa Kiswahili; kwenye boksi tahajia itakuwa ya kigeni, lakini matamshi yanakaribiana.

## Misingi

1. Soriasisi ni ugonjwa gani, na kwa nini dawa ya kupaka haiuponyi kabisa?

Soriasisi ni ugonjwa wa muda mrefu unaotokana na kinga ya mwili kuchochewa kupita kiasi. Katika ngozi ya kawaida seli huzaliwa chini, hupanda taratibu na kupukutika baada ya takriban mwezi mmoja. Katika ngozi yenye soriasisi safari hiyo humalizika kwa siku chache tu, na seli ambazo hazijakomaa hurundikana zikawa magamba juu ya baka nene lenye uvimbe.

Dawa ya kupaka hutuliza uvimbe huo, au hupunguza kasi ya seli, mahali ilipopakwa. Haibadilishi chanzo kilichomo mwilini, ambacho kwa sehemu hurithiwa. Kwa sababu hiyo lengo la tiba ni kuudhibiti ugonjwa, na mtu anayeahidi krimu ya kuung'oa moja kwa moja anauza kitu ambacho hakipo. Jambo hili lina uzito katika kupima hatari pia: dawa inayovumilika kwa wiki mbili si lazima ivumilike kwa miaka ishirini, na mgonjwa wa soriasisi anahitaji mpango wa miaka.

2. Je, soriasisi inaambukiza?

Hapana. Haiambukizwi kwa kugusana, kwa taulo, kwa kujamiiana wala kwa kuoga maji mamoja.

3. Nitajuaje kama dawa za kupaka peke yake zinanitosha?

Kipimo rahisi ni kiganja chako mwenyewe. Kiganja pamoja na vidole vyake ni takriban asilimia 1 ya ngozi yote ya mwili. Ugonjwa uliochukua chini ya viganja 3 kwa kawaida huhesabiwa kuwa mdogo na hutibiwa kwa dawa za kupaka. Ukizidi viganja 10, kupaka peke yake mara nyingi hakutoshi, na daktari wa ngozi atazungumzia tiba ya mwanga, vidonge au sindano.

Hata hivyo eneo si kila kitu. Baka dogo kwenye nyayo linaweza kumzuia mtu kutembea, na baka dogo sehemu za siri linaweza kuvunja raha ya ndoa. Hali hizo zinastahili tiba kamili hata kama hazifikii kiganja kimoja. Zaidi ya hapo, kwa makadirio ya juu, wagonjwa 3 kati ya 10 hupata ugonjwa wa viungo unaoandamana na soriasisi. Hakuna krimu inayotibu viungo. Mtu anayeamka na vidole vilivyovimba na kukakamaa asiendelee kubadilisha krimu. Amwone daktari kabla viungo havijaharibika.

4. Faida na hatari za dawa ya kupaka hupimwa kwa vigezo gani?

Watu wengi huuliza kama dawa fulani "ni salama", kana kwamba usalama umo ndani ya tyubu. Dawa ile ile huwa salama kwenye goti na ya hatari kwenye kope. Mambo manne huamua: nguvu ya dawa, mahali inapopakwa, ukubwa wa eneo, na muda wa matumizi. Kuhusu mahali pekee, vipimo vya haidrokotisoni, dawa ya kupaka ya kutuliza uvimbe, vilivyochapishwa mwaka 1967 vilionyesha kwamba ngozi ya mfuko wa korodani hupitisha dawa takriban mara 42 kuliko mkono wa mbele, paji la uso mara 6 hivi, na wayo karibu sehemu moja ya saba tu. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti kati ya dawa nyingi zinazoogopwa na zile zinazoaminiwa.

Kuna jambo la tano ambalo husahaulika: hatari ya kutotibu. Mwasho unaokatiza usingizi, ngozi inayopasuka na kutoa damu, na aibu inayomfungia mtu ndani ni madhara halisi. Lazima yawekwe kwenye mizani pamoja na madhara ya dawa.

## Steroidi za kupaka

5. Nimeambiwa steroidi zinaharibu ngozi. Je, niziogope?

Steroidi ni dawa za kutuliza uvimbe zinazofanana na kotisoli, homoni ya mwili wenyewe. Ziheshimu, usiziogope. Zimekuwa zikipakwa tangu miaka ya mwanzo ya 1950, na hadi leo ndizo dawa za kwanza kwa soriasisi ya mabaka kwa sababu hufanya kazi haraka: mwasho hupungua ndani ya siku chache, na baka huanza kuwa jembamba ndani ya wiki mbili hivi.

Madhara yake ni ya aina mbili. Ya kwanza huonekana pale pale zilipopakwa: ngozi kuwa nyembamba na kuchubuka kirahisi, mishipa midogo ya damu kujitokeza, chunusi, ngozi kupauka, na michirizi ambayo ikishatokea haifutiki. Aina ya pili hutokea dawa inapoingia kwenye damu kwa wingi: tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, hupunguza utengenezaji wa kotisoli, na katika hali mbaya uso huvimba, sukari na shinikizo la damu hupanda. Aina hii ya pili ni nadra, nayo huhitaji dawa kali, eneo kubwa, muda mrefu au ngozi iliyofunikwa kwa plastiki, na kwa kawaida zaidi ya kimoja kati ya hivyo.

Makosa ninayoyaona yakijirudia ni mawili yanayopingana. Mmoja hupaka klobetasoli, steroidi kali sana, usoni kwa miezi kwa sababu "inasaidia". Mwingine hupaka chembe ya haidrokotisoni, steroidi hafifu, kwenye goti lenye gamba nene kwa sababu ya hofu, kisha husema dawa hazimfai. Wa kwanza anajidhuru. Wa pili naye anabeba ugonjwa ambao ungeweza kutulia.

6. Nguvu ya steroidi nitaitambuaje?

Usiangalie asilimia iliyoandikwa kwenye tyubu, kwa maana asilimia hailinganishi dawa tofauti. Klobetasoli ya asilimia 0.05 ni kali mara nyingi zaidi ya haidrokotisoni ya asilimia 1. Kwa mpangilio wa kawaida, haidrokotisoni ni hafifu, betamethasoni valereti ya asilimia 0.1 na mometasoni ni kali, na klobetasoli ni kali sana. Umbo la dawa pia lina mchango: marhamu, kwa kuwa hufunika ngozi na kuzuia maji yasipotee, mara nyingi huipenyeza dawa kuliko krimu yenye kiasi kile kile.

7. Nipake kiasi gani?

Kamua dawa kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye mkunjo wa kwanza. Huo ni takriban nusu gramu kwa mtu mzima, na unatosha eneo la viganja viwili. Paka utando mwembamba kwenye baka lenyewe, si kwenye ngozi nzima inayolizunguka, maana ngozi yenye afya ndiyo inayokonda kwanza.

Hesabu ndogo husaidia kumtoa mtu wasiwasi. Mwenye mabaka ya viwiko na magoti yanayolingana na viganja 4 hutumia gramu 1 kwa kila mara. Akipaka mara mbili kwa siku atatumia gramu 14 kwa wiki. Maana yake ni kwamba tyubu ya gramu 15 humtosha wiki moja. Ikiwa tyubu hiyo imemkalia miezi mitatu, dawa haijashindwa, haijatumika. Kwa upande mwingine, ikiwa tyubu ya gramu 30 ya klobetasoli inaisha kila baada ya siku nne, amekwisha kuvuka kikomo kilichotajwa katika swali la 8.

8. Naweza kuzitumia kwa muda gani mfululizo?

Hutegemea nguvu na mahali. Maelekezo ya klobetasoli yanayotumika Marekani huweka kikomo cha wiki 2 mfululizo na gramu 50 kwa wiki. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza huruhusu hadi wiki 4 kwa steroidi kali sana na hadi wiki 8 kwa steroidi kali, kisha hudai mapumziko ya wiki 4 kabla ya kurudia mahali pale pale. Tofauti hiyo isikuchanganye: miongozo yote miwili inakubaliana kwamba lazima pawe na kikomo na pawe na mtu anayekagua ngozi. Usoni na kwenye mikunjo vikomo ni vifupi zaidi (tazama swali la 17).

Wakati wa mapumziko mgonjwa haachwi bila kitu. Hutumia vilainishi, na mara nyingi dawa ya kundi la vitamini D iliyoelezwa katika swali la 11.

9. Nini hutokea nikiacha ghafla?

Baada ya matumizi mafupi, kwa kawaida hakuna jambo kubwa. Baada ya miezi ya steroidi kali, mabaka yanaweza kurudi kwa kasi kuliko yalivyokuwa mwanzo, na mara chache hutokea soriasisi ya vipele vyenye usaha. Baadhi ya watu, hasa waliozipaka usoni kwa muda mrefu, hupata ngozi inayowaka na kuvimba kwa wiki nyingi baada ya kuacha.

Njia bora ni kupunguza kwa hatua: kila siku, kisha siku moja baada ya nyingine, kisha siku mbili kwa wiki. Hatua hiyo ya mwisho yenyewe ni tiba. Jaribio la wiki 52 lilipima povu lenye kalsipotrioli (dawa ya kundi la vitamini D) na betamethasoni (steroidi) likipakwa mara mbili kwa wiki kwa watu ambao mabaka yao yalikuwa yametulia. Muda wa kati kabla ya ugonjwa kurudi ulikuwa siku 56, ikilinganishwa na siku 30 kwa waliopaka povu lisilo na dawa.

10. Je, krimu iliyochanganywa steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria inafaa?

Kwa soriasisi ya kawaida, hapana. Unalipia dawa mbili ambazo huzihitaji, unaongeza uwezekano wa mzio, na steroidi iliyomo mara nyingi ni kali bila mtumiaji kujua. Tatizo jingine ni kwamba steroidi huficha choa: mwasho hupungua, lakini fangasi huendelea kutambaa kwa umbo lisilofanana tena na choa, na daktari anayeliona baadaye hupata shida kulitambua. Kwa sababu hiyo hiyo, krimu ya ndugu au jirani isitumike hata kama mabaka yake yanafanana na yako.

## Dawa nyingine za kupaka

11. Dawa za kundi la vitamini D zina faida gani kuliko steroidi?

Kalsipotrioli na kalsitrioli hupunguza kasi ya seli bila kuikondesha ngozi, na kwa hiyo zinafaa kwa matumizi ya muda mrefu. Gharama yake ni subira, kwa kuwa matokeo mazuri huhitaji wiki 4 hadi 8, na kalsipotrioli huweza kuwasha na kuchoma, hasa usoni.

Hatari kubwa zaidi, ingawa ni nadra, ni kiwango cha kalsiamu kupanda katika damu. Ndiyo sababu mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 100 za kalsipotrioli kwa wiki, na mwenye ugonjwa wa figo amweleze daktari kabla ya kuanza. Kalsipotrioli huharibiwa na asidi ya salisiliki, hivyo dawa hizo mbili zisikutane mahali pamoja.

Dawa iliyounganisha kalsipotrioli na betamethasoni hushinda kila moja ikiwa peke yake, na kila moja hupunguza udhaifu wa mwenziwe: steroidi hutuliza mchomo, vitamini D huokoa kiasi cha steroidi. Kwa maoni yangu, kwa baka la kawaida la kiwiko au goti, huu ndio mwanzo wenye mizani nzuri kuliko mwingine wowote. Hata hivyo ina steroidi ndani yake, na masharti ya swali la 8 yanabaki.

12. Je, lami ya makaa ya mawe husababisha saratani?

Wasiwasi huu una mzizi wa kweli: wafanyakazi walioishika lami viwandani kwa miaka walipata saratani ya ngozi. Lakini kiwango cha kiwandani si kiwango cha tiba. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 13,000 wa soriasisi na pumu ya ngozi, haukukuta ongezeko la saratani kwa waliotibiwa kwa lami. Dawa hii imo pia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kinachowafanya watu waiache ni mambo ya kawaida zaidi: harufu, madoa kwenye nguo na shuka, vipele kwenye vinyweleo, na ngozi kuungua kirahisi juani. Kama shampuu ya kichwani inayosuuzwa, inavumilika vizuri.

13. Asidi ya salisiliki na yurea zinafanya kazi gani?

Huyeyusha magamba ili dawa nyingine ipenye. Dawa kali iliyopakwa juu ya gamba nene huishia kwenye gamba. Yurea ni mpole. Asidi ya salisiliki, ikipakwa eneo kubwa, huingia kwenye damu na kuleta sumu ya dalili kama mlio masikioni, kichefuchefu na kupumua haraka. Watoto wadogo na wenye ugonjwa wa figo ndio walio hatarini zaidi.

14. Dithranoli na tazaroteni bado zinatumika?

Zinatumika, ila kwa wachache. Dithranoli, iliyoanza kutumika mwaka 1916, haikondeshi ngozi, lakini huunguza ngozi yenye afya na kuacha rangi ya kahawia kila inapogusa, beseni na taulo pia. Kwa hiyo leo hupakwa kwa dakika chache kisha huoshwa. Tazaroteni hukausha na kuchoma, nayo haitumiwi kabisa wakati wa ujauzito (swali la 20).

15. Kwa nini takrolimasi ina onyo la saratani, ilhali daktari ameniandikia?

Takrolimasi na pimekrolimasi hutuliza kinga ya ngozi bila kuikondesha. Kwa soriasisi hutumika nje ya matumizi yaliyoandikwa rasmi kwenye kibali chake, hasa usoni, kwenye mikunjo na sehemu za siri, ambako ngozi ni laini na steroidi ni hatari. Kwenye magoti hazifui dafu.

Mwaka 2006 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliziwekea onyo kuhusu limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) na saratani ya ngozi, kwa kuzingatia majaribio ya wanyama, taarifa za wagonjwa wachache na uzoefu wa vidonge vyake kwa waliopandikizwa viungo. Kiasi kinachoingia kwenye damu kwa kupaka ni kidogo sana kuliko cha vidonge, na uhusiano wa moja kwa moja haujathibitishwa. Onyo lisipuuzwe, lakini anayelinganisha lazima aulize: mbadala wake ni nini? Mbadala ukiwa steroidi kali kwenye kope kwa miezi, hatari ya presha ya macho na mtoto wa jicho ni ya karibu na ya hakika zaidi. Mchomo wa siku za kwanza ni wa kawaida na hupungua.

16. Dawa mpya zisizo na steroidi zina ubora gani?

Tapinarofu na roflumilasti ya kupaka ziliidhinishwa Marekani mwaka 2022. Zote mbili hupakwa mara moja kwa siku. Faida yake kubwa ni kwamba krimu moja inaweza kutumika kuanzia goti hadi kinena bila hofu ya ngozi kukonda. Kwa tapinarofu, wagonjwa waliosafika kabisa katika majaribio na kuacha dawa walikaa takriban miezi 4 kabla ya ugonjwa kurudi.

Tapinarofu huweza kuleta vipele kwenye vinyweleo na mzio wa ngozi. Roflumilasti huweza kuleta kuharisha na kuumwa kichwa, na haitumiwi na mwenye ugonjwa wa ini wa wastani au mkubwa. Upungufu wake mkubwa ni bei, upatikanaji, na umri mdogo wa uzoefu: steroidi tunazijua kwa miaka zaidi ya 70, hizi kwa michache. Kama dawa ya zamani inakudhibiti vizuri ndani ya vikomo vyake, upya peke yake si sababu ya kubadilisha.

## Mahali na aina ya ngozi

17. Nitumie nini usoni, makwapani, kinenani na sehemu za siri?

Ngozi ya huko ni nyembamba, na mikunjo hujifunika yenyewe, hivyo dawa hupenya kwa wingi. Kwa kawaida huanzwa na steroidi hafifu au ya wastani kwa muda mfupi, wiki 1 hadi 2, kisha takrolimasi au moja ya dawa za swali la 16. Klobetasoli haina nafasi hapa isipokuwa kwa maagizo mahususi ya daktari wa ngozi. Kwenye mikunjo magamba huwa hayapo, na baka laini linalong'aa huchukuliwa kirahisi kuwa fangasi. Kabla ya kulitibu kwa miezi, ni vyema lichunguzwe.

18. Na kichwani?

Ngozi ya kichwa huvumilia steroidi kali vizuri kuliko uso. Kikwazo ni nywele. Chagua losheni, povu au shampuu badala ya marhamu, gawa nywele na upake kwenye ngozi yenyewe. Magamba manene yalainishwe kwanza kwa mafuta yaliyoachwa saa kadhaa; kuyabandua kwa kucha huchochea mabaka mapya, kwa kuwa soriasisi hupenda kuota palipojeruhiwa.

19. Nina ngozi nyeusi. Je, mizani inabadilika?

Dawa ni zile zile, lakini usomaji wa ngozi hubadilika. Wekundu unaoelezwa vitabuni huonekana kama zambarau, kahawia iliyoiva au kijivu, na kwa hiyo uvimbe hukadiriwa chini ya ulivyo. Baka likipona huacha doa jeusi au lililopauka linaloweza kukaa miezi.

Hapa ndipo dawa nyingi hupakwa bure. Mgonjwa huliona doa, hudhani ni ugonjwa, na huendelea kupaka steroidi kwenye ngozi iliyokwisha kupona, mpaka ikakonda. Pitisha kidole: ikiwa pako sawa na ngozi ya jirani, hapana gamba wala unene, tiba imemaliza kazi yake na doa litafifia polepole. Kuliwahi kwa krimu ya kung'arisha ni kosa juu ya kosa, kwa kuwa baadhi ya krimu hizo zina klobetasoli au zebaki isiyotajwa kwenye lebo.

## Hali maalumu

20. Nina mimba, au ninanyonyesha. Ni dawa ipi iliyo salama?

Vilainishi na steroidi hafifu au za wastani ndizo chaguo la kwanza. Steroidi kali zinaweza kutumika kwa eneo dogo na muda mfupi. Tafiti zimehusisha matumizi makubwa ya steroidi kali, zaidi ya gramu 300 kwa ujauzito mzima, na watoto kuzaliwa na uzito mdogo, hivyo kiasi kihesabiwe. Tazaroteni iachwe kabla ya kutafuta mimba. Anayenyonyesha asipake dawa kwenye chuchu kabla ya kunyonyesha. Wanawake wengi huona ugonjwa ukipungua wakati wa ujauzito na kurudi baada ya kujifungua, kwa hiyo mpango wa baada ya uzazi uandaliwe mapema.

21. Mtoto anaweza kutumia dawa hizi?

Anaweza, kwa uangalizi wa karibu zaidi. Ngozi ya mtoto ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, na dawa inayoingia mwilini huwa nyingi kwa uwiano. Nepi hufanya kazi kama plastiki ya kufunikia. Urefu na uzito vipimwe kwa mtoto anayetumia steroidi kwa muda mrefu.

22. Nimepaka wiki kadhaa bila mabadiliko. Nibadilishe dawa?

Kwanza rudi kwenye hesabu ya swali la 7, kwa kuwa kiasi kidogo ndicho sababu ya kwanza. Kisha angalia muda wa dawa husika, na magamba (swali la 13). Mweleze daktari dawa nyingine unazotumia: lithiamu, dawa za presha za kundi la bita-bloka na klorokwini huweza kuchochea soriasisi, lakini usiache yoyote kati ya hizo bila kushauriana naye. Mwisho, utambuzi wenyewe unaweza kuwa na makosa. Baka moja lisilobadilika kwa miezi, hata baada ya tiba sahihi, linahitaji kukatwa kipande kidogo na kupimwa.

23. Krimu "ya mitishamba tu" imenisafisha kwa siku tatu. Niendelee nayo?

Kasi hiyo ndiyo inayotia shaka. Mitishamba haifanyi hivyo kwa soriasisi, klobetasoli hufanya. Krimu isiyo na orodha ya viambato, inayosafisha kwa siku chache na kuacha ngozi ikilipuka unapoikosa, ichukuliwe kuwa ina steroidi kali mpaka ithibitike vinginevyo. Kama umeitumia kwa muda mrefu, usiitupe leo na kukaa kimya. Ipeleke kwa daktari ili kuacha kwako kupangwe kama ilivyoelezwa katika swali la 9.

24. Kwa nini nisipewe vidonge au sindano ya steroidi imalize mara moja?

Kwa sababu ugonjwa hutulia haraka, kisha dawa inapokwisha mwilini hurudi vibaya zaidi, wakati mwingine kwa umbo la usaha mwili mzima. Ngozi ikiwa nyekundu au kuiva karibu mwili wote, ikawaka, ukatetemeka kwa baridi au kupata homa, hiyo ni dharura ya hospitali, na hakuna krimu ya kusubiria nyumbani.

25. Ninapata tiba ya mwanga. Dawa za kupaka zinaingiliana nayo?

Ndiyo. Asidi ya salisiliki huzuia mwanga usipenye, na mwanga huiharibu kalsipotrioli, kwa hiyo zote mbili zipakwe baada ya kikao. Lami na tazaroteni huifanya ngozi iungue kirahisi. Mhudumu wa mwanga lazima ajue ili apunguze dozi.

26. Je, vilainishi navyo vina hatari?

Kwa ngozi, karibu hakuna. Kwa moto, ipo: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kupaka, hasa bandeji, nguo na shuka, hushika moto upesi na kuwaka kwa kasi, na kufua hakuondoi mabaki yote. Anayejipaka asivute sigara wala kukaa karibu na mshumaa au jiko.

27. Dawa niliyopaka inaweza kumdhuru mwingine anayenigusa?

Mara chache, ila inawezekana. Nawa mikono baada ya kupaka, isipokuwa mikono ndiyo inayotibiwa, na usimpakate mtoto mchanga kwenye ngozi iliyo na dawa mbichi. Ambalo wengi hawalitarajii ni mbwa: kalsipotrioli ni sumu kali kwake, na mbwa aliyetafuna tyubu anaweza kufa kwa kalsiamu kupanda. Weka tyubu mahali pasipofikiwa, usimwache alambe ngozi uliyopaka, na akiila mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo pamoja na tyubu yenyewe, bila kusubiri dalili.